Mtungi wa oili haufai kutiwa maji wala maziwa

MTUNGI wa plastiki uliokuwa na oili ya injini haufai kutiwa maji ya kunywa, maziwa wala mafuta ya kupikia, hata ukioshwa kwa sabuni na maji moto mara kadhaa.

Mingi ya mitungi hiyo hutengenezwa kwa polithini nzito, ambayo hutambuliwa kwa tarakimu 2 iliyozungukwa na mishale mitatu chini ya mtungi. Baadhi ya wanunuzi hudhani alama hiyo ni kibali cha usalama. Sivyo. Hueleza aina ya plastiki tu, wala haisemi ni nini kilichowahi kutiwa ndani.

Oili hupenya taratibu katika kuta za plastiki, mahali ambapo sabuni haifiki. Baadaye hujipenyeza katika kitakachotiwa humo, hasa vyakula vyenye mafuta kama vile maziwa.

Hatari huzidi iwapo mtungi ulihifadhi oili chafu iliyotolewa kwenye gari. Oili hiyo huwa na chembechembe za metali na kemikali kama benzopaireni, ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiorodhesha miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu.

Mtungi kama huo unaweza kukusanyia oili chafu, mradi uandikwe kilichomo na uwekwe mbali na watoto. Mtoto akimeza oili, asitapishwe. Apelekwe hospitalini mara moja pamoja na mtungi wenyewe.

Usiohitajika utobolewe kabla ya kutupwa, asije mwingine akauokota na kuutekea maji.