Keya na wapagazi: majeshi yaliyozaliwa na vita

Kila mwaka, tukifika kwenye somo la vita ya 1914–1918, wanafunzi wetu wa Kirumba wanatuuliza: «Ile vita ya Wazungu ilituhusu nini?» Tunaanza kuwajibu kwa kutazama mashariki, ng'ambo ya mpaka wa Kasindi.

Kule Waingereza walikuwa na jeshi la Waafrika, King's African Rifles, ambalo watu waliita Keya. Mu 1914 lilikuwa na batayo tatu tu, watu karibu 2,400 waliotawanyika toka Uganda mpaka Nyasaland (leo Malawi). Lilikuwa jeshi la kulinda koloni, si la kupigana na Wajerumani wa von Lettow-Vorbeck. Kwanza Waingereza walileta askari toka India na Afrika ya Kusini, lakini malaria na kuhara viliwaangusha. Hapo ndipo wakakumbuka Waafrika! Mu 1918 Keya ilikuwa na batayo 22 na watu zaidi ya 30,000. Tena mu batayo ya 6 waliingia askari waliokuwa wa Wajerumani, wakatekwa, wakabadilisha uniforme. Mshahara ni mshahara. Sisi walimu hatuwezi kuwacheka.

Lakini bunduki haijipeleki. Pale reli iliishia, mbung'o iliua farasi na punda, basi kichwa cha mtu ndicho kilibeba risasi na unga. Waingereza waliunda Carrier Corps, na ndiyo asili ya jina Kariakoo kule Dar es Salaam. Wapagazi zaidi ya 40,000 waliandikwa kwamba walikufa. Wenye kuchunguza wanafikiri walikuwa wengi kupita hapo. Kuhara na homa viliwaua kuliko risasi.

Na huku kwetu? Mu 1916 Force Publique iliingia Rwanda. Brigade ya Kaskazini ya Molitor ilifika Kigali mwezi wa tano, na Tabora ilianguka tarehe 19 mwezi wa tisa. Uganda iliwapa Wabelgiji maelfu ya wapagazi, kikundi kilichoitwa Carbel. Congo yenyewe ilitoa wapagazi zaidi ya 200,000 katika vita nzima. Machefu waliombwa hesabu ya watu, si majina yao.

Vita ya pili ilipokuja, Keya ikavimba tena. Mu 1944 divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana Burma, mu bonde la Kabaw, na hospitali ya vita iliyotoka Congo Belge ilikuwa pamoja nayo. Wakongomani ndio walifunga vidonda vya Keya, jambo ambalo wachache wanalijua.

Nairobi kuna sanamu za mwaka 1928, watu watatu wa shaba, na mmoja wao ni mpagazi. Sisi tunayo majina Tabora na Saio, ya njia na ya kambi. Basi tunatuma wanafunzi nyumbani waulize wazee: nani mu ukoo wenu alibeba mizigo ya vita? Wengine wanarudi na jina moja tu, bila kijiji, bila mwaka. Tunaliandika mu daftari vile vile.