Kumpima Seremala: Habari za Ufundi wa Mbao Katika Nchi ya Ziwa



Katika kuadhimisha miaka 10 ya Chama Kikuu chetu, wengi wataandika habari za pamba, za mizani na za bei. Sisi tumeona vema kueleza habari za mtu ambaye bila yeye pamba hiyo isingekuwa na mlango wa kufungiwa, wala karani asingekuwa na meza ya kuandikia, yaani seremala. Tena twataka kueleza jinsi watu wa pande hizi walivyompima fundi huyu tangu zamani hata leo, maana jambo hilo lagusa mali ya kila mwanachama.

Zamani, Wazinza na Wasukuma wa kandokando ya Ziwa hawakuwa na cheti cha ufundi. Mtumbwi ukivuja, wavuvi walijua siku ile ile. Mpini ukivunjika, mkulima alimjua aliyeuchonga. Kijana alikaa na fundi miaka mingi, akianza kwa kushika gogo na kunoa tezo, na siku ya kuruhusiwa kufanya kazi peke yake aliijua mwalimu wake. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Karakana za namna nyingine zilikuja pamoja na wamisionari. Alexander Mackay, Mskoti aliyekuwa mhandisi, alihama kutoka Buganda mwaka 1887 akakaa Usambiro, kusini ya Ziwa, na huko akafanya kazi za chuma na mbao mpaka alipofariki Februari 1890. Baadaye Serikali ya kikoloni ilifungua shule za ufundi, ya Ifunda katika Iringa mwanzoni mwa miaka ya 1950, na ya Moshi mwaka 1957. Ndipo Majaribio ya Ufundi yakajulikana: Daraja la III kwa anayeanza, la II kwa aliyeendelea, na la I kwa fundi kamili.

Mwaka 1955 vyama vya wakulima wa pamba viliungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, na Bwana Paul Bomani akawa miongoni mwa viongozi wake wakuu. Umoja ule ulihitaji maghala, ofisi na viwanda vya kuchambulia pamba. Halmashauri ya chama haikuweza kumjua kila fundi kwa uso wala kwa ukoo wake. Hapo methali ya wahenga ilipungukiwa, kwa kuwa kazi ya fundi mgeni ilikuwa mbali na macho yetu. Basi cheti kikawa shahidi badala ya jirani.

Lakini shahidi huyo naye ana upungufu wake. Yuko fundi aliyetengeneza milango miaka 20, naye hupitwa na kazi kwa kukosa karatasi. Yuko pia kijana mwenye karatasi safi, ambaye hajapata kuona mlango wa mbao mbichi, uliotiwa wakati wa mvua, ukinywea kiangazi hata panya akapita. Hasara ya wote wawili humwangukia mkulima.

Nchi yetu imejaribu kuziba pengo hilo. Sheria ya mafunzo ya ufundi ilipitishwa mwaka 1974. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikaruhusiwa kurudi kwa sheria ya mwaka 1982. Mwaka 1994 ilianzishwa VETA, nayo baadaye ikaweka utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunza nje ya shule: huulizwa maswali, hufanya kazi mbele ya wapimaji, hufundishwa anapopungukiwa, kisha hupewa cheti. Januari 2021 chuo cha VETA kilizinduliwa hapa hapa Chato. Kwa hiyo fundi wetu hana tena sababu ya kuudharau mtihani, na halmashauri haina sababu ya kumdharau fundi wa mtaani.

Kwa maoni yetu, seremala apimwe kwa mambo mawili pamoja. La kwanza ni mkono wake. Na aonyeshe kiungo cha ulimi na tundu kisichotegemea misumari; pembe zake zipimwe; mlango ufunguke na kufungwa bila kuinuliwa; naye aeleze kwa nini amechagua mninga hapa na msonobari pale, na mbao zake zimekauka muda gani. La pili ni mwenendo wake wa kazi. Je, aweza kusoma mchoro, na kuhesabu mbao kabla ya kununua? Je, hutoa hesabu ya mabaki? Hutimiza siku aliyoahidi? Huwalinda wanagenzi wake wasikatwe na msumeno? Mkono mwema usio na uaminifu humaliza mbao za chama, na uaminifu usio na mkono huacha ghala wazi.

Viongozi wetu, kabla ya kutia sahihi mkataba, nendeni mkakague mlango ambao fundi huyo aliufanya miaka mitatu iliyopita. Someni cheti chake, kisha usukumeni mlango ule. Na ninyi mafundi mliojifunza kwa wazee, nendeni mkapimwe, ili ujuzi wenu ujulikane hata pale ambapo jina lenu halijafika.

Ushirika udumu.