Bunge la Paxos na Kura za Kompyuta

Kunakili data si kazi. Kazi ni kuzifanya kompyuta 5 zilizo katika miji mbalimbali zikubaliane nakala ipi ni sahihi, wakati moja imezimika na nyingine haijapata ujumbe.

Mwaka 1988, Brian Oki na Barbara Liskov wa MIT, Marekani, walichapisha mbinu yao ya kufanya hivyo. Naye Leslie Lamport, wa kampuni ya DEC, alikuwa ameanza kuthibitisha kwamba jambo hilo haliwezekani. Uthibitisho ukamshinda, na katika kushindwa huko akaipata njia.

Mwaka 1990 aliiandika kama hadithi ya bunge la kisiwa cha Paxos, Ugiriki. Wabunge wake huingia na kutoka watakavyo, na kila mmoja ana daftari lake la sheria lenye wino usiofutika. Wahakiki wa jarida walitaka mambo ya kisiwa yaondolewe. Lamport aliudhika, akaiweka kando. Ilichapishwa Mei 1998.

Hesabu yenyewe inapendeza. Kati ya wajumbe 5, kura 3 hupitisha jambo. Makundi yoyote mawili ya watu 3 lazima yawe na angalau mjumbe mmoja wa pamoja, na huyo ndiye anayekumbuka kilichokwisha kupitishwa. Hata kompyuta 2 zikifa, hakuna kinachopotea.

Google iliitumia njia hiyo, iliyoitwa Paxos, katika Chubby, mfumo ulioelezwa mwaka 2006, kisha katika Spanner mwaka 2012, kanzidata iliyosambaa mabara kadhaa na kutegemea saa za atomiki na GPS. Mwaka 2014, Diego Ongaro na John Ousterhout wa Stanford walileta Raft, njia nyingine ya kukubaliana iliyokusudiwa ieleweke kwa urahisi zaidi.

Lakini kura hulinda kile tu kilichopigiwa kura. Oktoba 21, 2018, mtandao wa GitHub, jukwaa la kuhifadhi msimbo wa programu, ulikatika kwa sekunde 43 katika pwani ya mashariki ya Marekani. Chombo kinachotumia Raft kilihamishia uongozi wa kanzidata pwani ya magharibi. Data zenyewe, hata hivyo, zilikuwa zikinakiliwa kwenda huko bila kusubiri kura, na zile za mwisho zilikuwa hazijafika. Kanzidata moja pekee ilikuwa na maingizo 954 ya namna hiyo. Huku pwani ya magharibi ikiendelea kupokea mapya, wahandisi waliamua kulinda data za watumiaji kwanza, hata kama huduma zingechelewa. Huduma zilirejea kikamilifu baada ya saa 24 na dakika 11.