Willy Gamba na barabara ya Tunduma

Foleni ya malori ikikaza Tunduma, dereva anayekwenda Zambia au Kongo hana la kufanya ila kusubiri zamu yake. Mizigo ya shaba inashuka kutoka kusini, mafuta na bidhaa za bandarini zinapanda, na katikati ya pande hizo mbili wamekaa watu wenye saa nyingi mikononi. Siku hizi wengi husikiliza simulizi kwenye simu, na zinazopendwa sana ni za kijasusi: shushushu anayeingia nchi ya watu kwa jina la bandia, mkoba wenye nyaraka, mwanamke asiyeaminika, bastola inayotoka kwa wakati. Wasikilizaji wenye umri mkubwa kidogo watakuambia kwamba hayo yote waliyasoma zamani kwa Willy Gamba. Wana haki ya kusema hivyo. Ila kuna jambo moja ambalo mara nyingi halisemwi: barabara hii waliyosimama juu yake ni miongoni mwa sababu zilizomfanya Gamba azaliwe.

Willy Gamba alitokea mwaka 1974, katika Kufa na Kupona ya Aristablus Elvis Musiba. Musiba alikuwa mtu wa biashara, na baadaye aliongoza Chemba ya Biashara, Viwanda na Kilimo ya Tanzania, TCCIA. Mpelelezi wake ni kijana mtanashati mwenye pesa, anayejua kupigana, kunywa na kubembeleza, lakini akiitwa na Chifu wake anaacha vyote na kupanda ndege. Katika riwaya hiyo ya kwanza, nyaraka za siri za Kamati ya Ukombozi zimeibwa Dar es Salaam na njia inamfikisha Nairobi. Kisa chenyewe ni chepesi kukisimulia, ila kilichomshika msomaji wa 1974 ni kwamba Kamati ya Ukombozi ilikuwa kitu cha kweli. Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliiunda mwaka 1963, ofisi yake ikawekwa Dar es Salaam, na hadi ilipofungwa 1994 ndiyo iliyopitisha fedha, silaha na mafunzo kwa FRELIMO, MPLA, ZANU, ZAPU, SWAPO, ANC na PAC.

Sasa tazama ramani. Ukitoka Dar es Salaam kwenda kwenye mapambano ya kusini kwa gari, unapita Morogoro, Iringa na Mbeya, kisha Vwawa, na lango la mwisho ni Tunduma. Baada ya Ian Smith kujitangazia uhuru wa walowezi wa Rhodesia tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilibanwa upande wa kusini, na njia hii ya kaskazini ikageuka koo lake la kupumulia. Malori ya mafuta yalipita usiku na mchana juu ya barabara ya vumbi na tope, na madereva wengi walifia njiani. Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 hadi Ndola, lilianza kazi mwaka 1968. Reli ya TAZARA ilianza kujengwa 1970 kwa msaada wa China na kukabidhiwa rasmi 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikivuka mpaka papo hapo Tunduma na Nakonde. Barabara, bomba na reli vinapita katika mji mmoja. Jasusi wa Pretoria, Afrika Kusini, au wa Salisbury, Rhodesia, aliyetaka kuidhuru Tanzania na Zambia kwa pigo moja hakuhitaji kufikiri sana.

Na maadui wa ukombozi walipiga kweli. Tarehe 3 Februari 1969, Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, alifungua kifurushi jijini Dar es Salaam. Ndani mlikuwa na kitabu, na ndani ya kitabu mlikuwa na bomu. Tarehe 18 Machi 1975 Herbert Chitepo wa ZANU aliuawa Lusaka kwa bomu lililotegwa kwenye gari lake. Oktoba 1979 makomando wa Rhodesia walilipua daraja la TAZARA la Mto Chambeshi, mbele ya Kasama, safari za treni zikakatika. Msomaji wa Mbozi au Tunduma aliyekuwa akisikiliza taarifa ya habari ya Radio Tanzania jioni, kisha akafungua riwaya yake kwa mwanga wa koroboi, alikuwa akisoma kilekile alichotoka kukisikia. Ndiyo maana huwa sikubaliani na wanaosema kwamba Musiba aliiga sinema za James Bond basi. Mavazi na vinywaji ni vya Bond, hilo halina ubishi. Woga uliomo ndani ya vitabu vile ni wa kwetu.

Woga huo ulikuwa na utaratibu wake mitaani. Tangu katikati ya miaka ya 1960 TANU, chama tawala, ilikuwa na mabalozi wa nyumba kumi, na mgeni aliyelala kwa mtu alitakiwa kujulikana kwa balozi. Kwenye mji wa mpakani, ambako Wanyamwanga wana ndugu pande zote mbili na wabadilisha fedha wanawajua watu kwa sura, swali la nani mgeni na nani mwenyeji lilikuwa zito kuliko sehemu nyingine. Wapiganaji wa ukombozi waliotoka kambi kama Kongwa kwenda Zambia walisafirishwa kwa njia hii, na haikufaa watu waulize wanaume wale ni akina nani. Watu walijifunza kuona bila kusema. Jamii iliyofunzwa hivyo ikipewa riwaya ya kijasusi haihitaji maelezo ya utangulizi.

Kabla ya Gamba, Kiswahili kilikuwa na wapelelezi wa aina nyingine. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa 1960: mzee mtulivu anayefumbua mauaji kwa kufikiri, na kazi yake haina serikali wala taifa nyuma yake. Faraji Katalambulla alifuata na Simu ya Kifo mwaka 1965, riwaya ya askari wa upelelezi inayokwenda mbio zaidi. Mezani kwa wauza vitabu walikuwapo pia wageni: James Hadley Chase, Mwingereza aliyeandika kuhusu majambazi wa Marekani, na Ian Fleming, ambaye Bond wake alianza 1953. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akaja Lance Spearman, au Spear, shujaa wa magazeti ya hadithi za picha, mweusi, mwenye kofia, tai ya kipepeo na sigara kubwa mdomoni. Vijana wa Afrika Mashariki walimpenda mno. Magazeti hayo yalitolewa na kampuni ya Jim Bailey wa Afrika Kusini, mwenye gazeti la Drum. Shujaa mweusi wa kwanza wa aina hiyo kwa vijana wengi alitoka, kwa hiyo, kwenye nchi ileile ambayo Gamba angekuja kupambana nayo.

Wasomaji nao walikuwa wakiongezeka kwa kasi isiyowahi kuonekana. Serikali iliutangaza mwaka 1970 kuwa wa elimu ya watu wazima, na 1977 ukaja mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Mtu aliyetoka kujua kusoma alipewa vitabu vya kilimo bora na siasa ya Ujamaa. Alivisoma, kisha akatafuta kitu cha kumkesheza. Riwaya fupi za bei ndogo zilijaza nafasi hiyo. Baada ya Vita vya Kagera, 1978 na 1979, karatasi ilikuwa adimu na fedha za kigeni hazikuwapo, kwa hiyo nakala moja ilipita mikono mingi hadi jalada likatoweka na kurasa za mwisho zikachanika. Kuna watu wazima hadi leo wanaojua mwanzo wa Kikosi cha Kisasi kwa kichwa lakini mwisho wake waliusimuliwa na rafiki.

Kikosi cha Kisasi kilitoka 1979, na Gamba akawa Kinshasa. Katika Njama yuko Dar es Salaam, na katika Hofu ya 1988 mapambano na makaburu wa Afrika Kusini yanampeleka Zimbabwe iliyokwisha kuwa huru. Ukivipanga vitabu hivyo unaona mstari wa mbele ukisogea kusini mwaka hadi mwaka, jinsi ulivyosogea wenyewe: Msumbiji na Angola huru 1975, Zimbabwe 1980. Sijui kitabu cha historia cha shule kilichomfundisha kijana wa Kitanzania maana ya nchi za mstari wa mbele kwa uwazi kuliko riwaya hizi.

Mpinzani wake halisi kwenye meza za wauza vitabu alikuwa Ben Mtobwa, mzaliwa wa Kigoma wa mwaka 1958, mwandishi wa habari aliyeanzisha kampuni ya uchapishaji ya Heko. Joram Kiango wake ana tofauti ninayoipenda: si mwajiriwa wa serikali. Anafanya kazi kwa utashi wake, anagombana na Inspekta Kombora, anapotea, anashukiwa, kisha anaibuka na ukweli. Katika Tutarudi na Roho Zetu? anaingia Afrika Kusini ya ubaguzi akiwa na mwenzake Nuru, na alama ile ya kuuliza kwenye jina la kitabu ilimfanya msomaji ashike roho yake mwenyewe. Mtobwa aliandika kwa sentensi zenye mwendo na kejeli, naye alijua mji wa usiku kuliko Musiba. Alifariki 2008, na hadi leo sijaona aliyeijaza nafasi yake.

Wasomi wa vyuo waliviita vitabu hivi fasihi pendwa, na kwa muda mrefu neno hilo lilitumika kuvisukuma pembeni. Lawama nyingine ni za haki. Wanawake wa Musiba mara nyingi ni mitego au zawadi. Wanaingia hotelini wakiwa wazuri na kutoka wakiwa maiti. Nuru wa Mtobwa ana akili na ujasiri, lakini hata yeye hupimwa kwanza kwa umbo. Kwa msichana wa Vwawa aliyevisoma vitabu hivi kwa kificho, kujipatia nafasi ndani yake kulihitaji juhudi. Jirani zetu wa Kenya hawakufanya vizuri zaidi: Benni Kamba 009 wa David Maillu, aliyetokea kwa Kiingereza mwaka 1980 katika The Equatorial Assignment, ni mwanaume wa kundi lilelile.

Mwaka 1994 adui alianguka. Nelson Mandela akawa rais, Kamati ya Ukombozi ikafungwa, na riwaya ya kijasusi ya Kiswahili ikabaki bila kaburu. Mwaka huohuo Rwanda ikaingia kwenye mauaji ya kimbari, na Musiba akampeleka Gamba huko katika Uchu. Naiona kuwa riwaya yake nzito kuliko zote, maana safari hii adui hatoki mbali. Ni Waafrika kwa Waafrika. Mwaka 1996 Bunge lilitunga sheria ya Idara ya Usalama wa Taifa, na taasisi iliyokuwa ikinong'onwa ikawa na sheria yake inayosomeka na kila mtu. Waandishi waliofuata walikuwa na dunia nyingine ya kuandikia: dawa za kulevya, madini ya Kongo, ugaidi, wizi wa mitandaoni. Hussein Tuwa, kwa Mdunguaji na riwaya nyingine, na Richard Mwambe, kwa Kamanda Amata wake, wanasomwa na kizazi ambacho makaburu ni somo la mtihani.

Namna ya kuuza imebadilika pia. Mwandishi huweka sehemu za mwanzo za riwaya bure, kisha msomaji hulipia zinazofuata kwa simu na kutumiwa kwenye WhatsApp. Kwa mji ambao duka la vitabu vya hadithi ni adimu, huo ni ukombozi mkubwa. Msomaji wa Momba anaipata sehemu mpya dakika ileile anayoipata wa Sinza jijini Dar es Salaam. Hasara ni kwamba vitabu vya zamani vinarudi kwa sura ya nakala zilizopigwa picha na sauti zilizorekodiwa bila idhini, na warithi wa waandishi hawapati kitu. Vinastahili kuchapwa upya kwa heshima, vikiwa na tarehe sahihi na utangulizi unaomweleza kijana Kamati ya Ukombozi ilikuwa nini.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Songwe, mkoa uliozaliwa 2016 kwa kuugawa Mbeya, haumo kwenye hadithi hizi kwa kiasi unachostahili. Gamba ni mtu wa ndege na hoteli kubwa. Lakini fikiria Ileje. Ng'ambo ya Mto Songwe ni Malawi, ambako Kamuzu Banda aligombana na mawaziri wake Septemba 1964, wengine wakakimbilia Tanzania, kisha 1967 akafungua uhusiano wa kibalozi na makaburu. Yatuta Chisiza, aliyekuwa waziri wake wa mambo ya ndani, alirudi Malawi mwaka huo na kikundi kidogo cha wapiganaji na kuuawa Oktoba. Attati Mpakati, kiongozi wa LESOMA, chama cha wapinzani wa Banda, alijeruhiwa kwa bomu la barua Msumbiji 1979 na kuuawa Harare 1983. Kanyama Chiume, waziri wa mambo ya nje aliyefukuzwa, aliishi Dar es Salaam hadi 1994, na huko aliandika riwaya kwa Kiswahili safi. Waziri mkimbizi anayeandika riwaya huku watu wa Banda wakimtafuta: Musiba angepataje usingizi kwa kisa hicho? Na Wandali waliokuwa na shamba upande huu na shangazi upande ule waliishi miaka thelathini ya mashaka hayo bila mwandishi wa kuwasimulia.

Mali ghafi ipo. SADC ilikusanya kumbukumbu za ukombozi katika mradi uliopewa jina la Brigedia Jenerali Hashim Mbita, katibu mtendaji wa mwisho wa Kamati ya Ukombozi, na mwaka 2014 zikatoka juzuu tisa, zenye ushuhuda wa wapiganaji na wa raia wa kawaida waliowahifadhi. Zimeandikwa kwa Kiingereza na ni nzito kubeba. Mwandishi kijana wa Tunduma angeweza kuanza karibu zaidi, kwa wafanyakazi wastaafu wa TAZARA wanaoishi kandokando ya reli kutoka Mlowo hadi mpakani, wanaojua ni usiku gani treni ilisimamishwa na nani alishuka.