Mto Ulionuka Kileo

Nilipokuwa mwalimu wa jiografia, kabla sijapewa ukuu wa chuo cha ualimu, nilikuwa na desturi ya kuuchora mto ubaoni kuanzia kwenye chanzo: nukta moja, kisha mstari. Siku moja mwanachuo aliuliza, "Mwalimu, na kabla ya hiyo nukta, maji yalikuwa wapi?" Nilimwamuru akae, swali hilo halikuwamo katika muhtasari. Darasa lilicheka, nami nikacheka pamoja nao.

Jibu nililipata baada ya kustaafu, niliposoma habari za Loue, mto mdogo wa mashambani mashariki mwa Ufaransa. Urefu wake ni kama kilometa 120 tu. Hutokeza ghafla katika pango kubwa chini ya jabali, karibu na kijiji cha Ouhans, ukiwa tayari mto kamili wenye nguvu ya kuendesha vinu. Mchoraji Gustave Courbet, mzaliwa wa Ornans kando ya mto huohuo, alilichora pango hilo mara kadhaa mnamo 1864. Ndani ya pango alitia giza tupu. Alikuwa mkweli kuliko mimi na nukta yangu.

Tarehe 11 Agosti 1901 radi ilipiga kiwanda cha Pernod mjini Pontarlier, kando ya mto mwingine, Doubs. Hapo kilitengenezwa absinti, kileo kikali cha mitishamba. Kwa kuhofia mlipuko matangi yalifunguliwa, kileo kikamwagika mtoni. Siku mbili baadaye André Berthelot, mwana wa mkemia Marcellin Berthelot, alisikia harufu ya absinti kwenye chanzo cha Loue, zaidi ya kilometa 10 kutoka Pontarlier. Juu ya ardhi hapana mfereji unaoiunganisha mito hiyo.

Nchi ile ni ya mawe ya chokaa, ambayo maji huyala polepole hata yakafanya nyufa na mapango. Sehemu ya maji ya Doubs huzama katika nyufa hizo na kutokea Loue. Mwaka 1910 wataalamu walitia rangi katika Doubs, nayo Loue ikageuka kijani.

Ajabu zaidi, Doubs huzunguka mbali hadi mpaka wa Uswisi, kisha hurudi. Na Loue humwaga maji yake humohumo, baada ya mji wa Dole. Yale yaliyozama yamekata njia tu.

Mwaka jana nilimwandikia yule mwanachuo, ambaye naye sasa ni mwalimu mstaafu, nikamweleza haya yote. Bado hajanijibu.