Picha za 2015 ziko kwa seva ya nani?

Wasee, tarehe 2 Aprili 2015 Al-Shabaab walivamia Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148 wakauawa. Siku zilizofuata, Ory Okolloh, yule yule wa Ushahidi ya 2008, alianzisha #147notjustanumber kule Twitter. Watu wakaanza kuposti: jina, sura, huyu alikuwa rafiki yangu.

Hizo picha ziko wapi leo? Ukiposti picha, mara nyingi databesi haibebi picha yenyewe (niliacha chuo, lakini hii niliishika). Faili inalazwa kando, kwa seva ya kutunza mafaili, na databesi inaandika tu anwani yake. Ukifungua ukurasa, apu inasoma anwani halafu inaenda kuleta faili. Sasa mwenye akaunti akiifuta, ama seva ikikosa kulipiwa, faili inapotea. Linki inabaki ikielekeza kwa hewa. Mwezi jana nilifungua linki za zamani kwa simu ya kaka yangu, kadhaa zikanipa kijisanduku kitupu.

Hapa Garissa tunajua hiyo nafasi tupu. Saka Bulla Kartasi, mtaa uliochomwa na vikosi vya serikali Novemba 1980. Utapata masimulizi ya wazee na ripoti ya TJRC ya 2013. Sura za waliokufa ni nadra sana, na hao hawakuwa na simu za kupiga picha. Sisi tulikuwa nazo.

Zilizobaki nazishusha polepole. Nakala moja kwa flashi yangu, nyingine kwa kompyuta ya abti.