UZI: Daktari au maktaba? Ugomvi wa bajeti ya Nairobi ni wa zamani kuliko kaunti yenyewe

Msimu wa bajeti ukifika, swali hili halikosi: pesa za Nairobi ziajiri madaktari au zijenge maktaba mitaani? Mmoja anasema mgonjwa hatibiwi kwa kitabu. Mwingine anajibu kwamba mtoto wa Kawangware anayeishi chumba kimoja na ndugu wanne hana pa kusomea. Halafu ni matusi hadi Ijumaa. Sitataja mwanasiasa wala chama, na haina haja, maana kila upande umewahi kusema yote mawili. Nataka turudi nyuma, kwa sababu ukifuata historia unaona kitu ambacho jukwaani hakisemwi: mara nyingi hawa wawili hawagombanii pesa zilezile.

Tuanze na ramani. Mwaka 1902 tauni iliingia Nairobi, mji ukiwa bado mchanga, na dawa ya watawala ikawa kuchoma moto soko la Wahindi. Mwaka 1913 akaja mtaalamu wa afya kutoka Uingereza, Profesa Simpson, akapendekeza wakazi watenganishwe kwa rangi, eti ni usafi. Wazungu wakawa na magharibi, penye mwinuko na udongo mwekundu unaokauka haraka. Mwafrika akasukumwa mashariki kwenye udongo mweusi unaoshika maji. Yaani katika mji huu hoja ya daktari ilitumika kugawa ardhi kabla ya kutumika kugawa dawa. Hiyo huwa inanishangaza kila nikiisoma.

Maktaba nazo zilifuata mkondo uleule. McMillan, ile yenye nguzo kubwa na simba wawili mlangoni, pale Banda Street karibu na msikiti wa Jamia, ilifunguliwa 1931. Ilijengwa kwa kumbukumbu ya mlowezi tajiri mzaliwa wa Marekani, na kwa miaka mingi mlango ulikuwa wa Wazungu tu. Ni 1962 ndipo Baraza la Jiji lilipoichukua ikawa ya umma. Ukijumlisha na matawi yake mawili, Kaloleni na Makadara, unapata tatu. Hizo tatu ndizo kaunti ilizorithi 2013. Moja iko tao, mbili ziko Eastlands. Magharibi: sufuri.

Kwa nini sufuri? Mzungu wa Lavington hakuhitaji tawi, alikuwa na gari na McMillan ilikuwa yake. Dagoretti na Kangemi nazo hazikuwa ndani ya mji kabisa. Zilikuwa upande wa hifadhi ya Waafrika, zikaingizwa Nairobi mipaka ilipopanuliwa 1963, jiji likaruka hadi kama kilomita 690 za mraba. Baraza likarithi watu wengi kwa siku moja, bila zahanati wala rafu ya vitabu za kuwatosha. Ndiyo maana hadi leo mwanafunzi wa Kawangware akitaka maktaba ya jiji anapanda matatu ya 46 hadi tao, na nauli ni yake.

(Najua kuna maktaba ya taifa, iliyoundwa kwa sheria ya 1965, na makao yake yako Upper Hill. Lakini hiyo ni ya serikali kuu. Hapa tunaongea kuhusu pesa za jiji.)

Sasa pesa. Wakati wa uhuru, baraza lilikuwa na ada za ardhi na pia kodi ya kichwa iliyopanda kulingana na kipato cha mtu. Mwaka 1970 serikali kuu ilichukua shule za msingi, afya na barabara kutoka kwa mabaraza ya kaunti za mashambani. Nairobi ikaachiwa zake kwa kuwa ni manispaa. Ilionekana kama heshima. Halafu, miaka hiyohiyo ya 1970, ile kodi ya kichwa ikafutwa. Kazi zikabaki, pesa zikaenda. Mwaka 1983 baraza lenyewe likavunjwa, na jiji likaendeshwa na tume ya kuteuliwa kwa karibu miaka kumi.

Katika hali hiyo zahanati ilikuwa inakosa dawa lakini haifungwi, kwa sababu ikifungwa watu wanakufa na gazeti linaandika. Maktaba ikikosa vitabu vipya kwa miaka ishirini, nani atapiga kelele? Hakuna maandamano ya kitabu.

Katiba ya 2010 ikaweka vyote viwili mikononi mwa kaunti. Soma Jedwali la Nne. Afya ina kifungu chake kizima. Maktaba ziko kwenye kifungu cha burudani, baada ya kamari, kasino, leseni za pombe na sinema. Sitanii, nenda uangalie. Sheria haikusema maktaba si muhimu, lakini jirani unaopewa nao huonyesha ulivyofikiriwa.

Hapa ndipo pa kukaa kidogo. Sheria ya fedha za umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo. Jengo ni maendeleo. Kanuni za 2015 zinasema mishahara isipite asilimia 35 ya mapato ya kaunti, na kaunti nyingi zimeshapita hapo, Nairobi ikiwemo. Daktari ni mshahara. Kwa hiyo anayekwambia "tuache maktaba ya Kangemi tuajiri madaktari" anachanganya mafungu mawili. Ukifuta jengo la maktaba, pesa ile haigeuki daktari. Itageuka jengo lingine: soko, ukumbi, pengine hospitali.

Na hospitali tumejenga. Machi 2020 afya, uchukuzi, mipango na ujenzi vilihamishwa kutoka kaunti kwenda chombo cha serikali kuu, NMS, hadi 2022. Maktaba hazikuhamishwa, nani angezitaka? Katika muda huo hospitali ndogo zilichipuka kwenye mitaa ya mabanda. Ni jambo zuri, mimi silibezi. Lakini jengo hudai pesa nyingi mara moja, daktari anadai kila mwezi hadi astaafu. Madaktari walishakubaliana na serikali kuhusu malipo Juni 2013. Makubaliano hayakutekelezwa, wakagoma siku 100 kuanzia Desemba 2016. Wakagoma tena siku 56 mwaka 2024, safari hii malipo ya madaktari wanafunzi yakiwa katikati. Na bado kuna waliofuzu ambao wako nyumbani wakingoja kuitwa kazini.

Ugomvi wa kweli basi ni kati ya daktari na mkutubi, kwa sababu hao ndio wanaokula fungu moja la mishahara. Nikilazimishwa kuchagua kati yao, leo, kwa Kangemi, naajiri daktari. Sina aibu na hilo. Lakini usiniambie jengo ndilo lililomzuia.

Maktaba zenyewe zinakuonyesha upande wa pili. Mwaka 2018 kaunti ilikubaliana na shirika la Book Bunk lizifufue zile tatu, na Kaloleni na Makadara zikakarabatiwa. Yaani kilichoshinda jiji kwa miongo kikafanywa na wasichana wawili na wafadhili wao. Nafurahi na ninakasirika kwa wakati mmoja. Na mfadhili akipata mradi mwingine wa kumvutia, mshahara wa anayefungua mlango asubuhi utatoka wapi?

Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti kabla ya 1 Septemba, makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili, na wananchi huitwa kutoa maoni. Ukienda, waache wagombane kuhusu kuta. Kila wakitaja kituo kipya, kiwe cha afya au cha vitabu, uliza nafasi ngapi za kazi zimetengewa mshahara hapo, na Bodi ya Utumishi ya Kaunti itazitangaza mwezi gani. Huwa ukumbi unanyamaza.